Kukata na Kubandika: Sanaa ya Siku Hizi Yacheza au Yakumbuka?



Hapa kwetu Kisenge hatuna nyumba ya maonyesho ya sanaa. Tuna mashimo ya manganizi, tuna nyumba za kambi zilizojengwa na kampuni wakati wa Wabelgiji, na tuna reli. Zamani manganizi yetu yalipakiwa katika mabehewa, yakavuka mpaka, yakafika Lobito kwenye pwani ya Angola, na kutoka huko yakapelekwa ng'ambo kwa meli. Mwaka 1975 vita vya Angola viliifunga njia ile, na tangu siku hizo maisha ya hapa hayakurudi kuwa yale yale. Mtu wa Kisenge akitaka kutazama mashine zilizokufa, hana haja ya kusafiri.

Juzi kijana mmoja anayesoma Lubumbashi alikuja likizo kumwamkia babu yake, mzee aliyefanya kazi ya manganizi miaka mingi. Nami nilikuwa nimeketi nao barazani. Kijana akatoa simu yake akatuonyesha picha. Ndani yake twaona kiwanda cha shaba kilichobomoka: paa limetoboka, vyuma vimeshika kutu, majani yameota kati ya mawe. Hayo yote yana rangi zake, kama yanavyoonekana leo. Lakini mbele ya magofu hayo wamesimama watu wa zamani, wafanyakazi Waafrika waliopangwa msitari, nao hawana rangi ila nyeusi na nyeupe. Wametoka katika picha nyingine ya miaka mingi kabla, wakakatwa na kubandikwa pale.

Kijana akasema, "Nkambo, hii ndiyo sanaa ya siku hizi. Mtu achukua picha za wengine, azikata, azibandika mahali pengine. Walimu wetu waiita postimodenizimu."

Mzee hakujibu. Aliisogeza simu karibu na macho yake, akawahesabu wale watu kwa kidole, mmoja mmoja. Kisha akauliza, "Majina yao nani?"

Kijana hakujua. Mimi nami sikujua. Kwa ajili ya swali lile nimeshika kalamu.

NENO GUMU

Neno hilo postimodenizimu latisha kidogo, lakini maana yake si ngumu kama sauti yake. Ni kusema "baada ya usasa". Basi tuanze na usasa wenyewe.

Watu wengi wa Ulaya, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, waliamini kwamba mambo ya kale yamekwisha. Sayansi na mashine zingemfanya mtu kuwa mpya. Wachoraji wakaziacha desturi za walimu wao wakatafuta maumbo mapya. Picasso alivitazama vinyago vya Afrika katika makumbusho ya Trocadéro huko Paris mwaka 1907, akajifunza mengi. Waliovichonga hawakutajwa kwa majina. Wajenzi nao wakayaacha mapambo, wakajenga nyumba zilizonyoka kama sanduku.

Sisi watu wa shaba twaijua imani hiyo, ingawa hatukuiita usasa. Tuliiita kambi. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na kila ilipofika ilipiga msitari: nyumba sawasawa, barabara sawasawa, hospitali, shule, posho, na king'ora cha kuwaita watu kazini. Kampuni nyingine zikafuata mfano huo. Kambi ilikuwa usasa uliojengwa kwa matofali, nayo ilikuwa na hadithi yake kuu: fanya kazi, tii, na mtoto wako ataishi vema kuliko wewe.

Lakini baada ya vita vikuu viwili, wengi huko Ulaya na Marekani walianza kuzishuku hadithi za namna hiyo. Mwaka 1972, katika mji wa St. Louis huko Marekani, majumba makubwa ya maskini yaliyoitwa Pruitt-Igoe yalianza kubomolewa kwa baruti, nayo hayakuwa yametimiza hata miaka 20. Charles Jencks, mwandishi wa mambo ya ujenzi, akaandika baadaye kwamba ndipo ulipokufa ujenzi wa kisasa. Mwaka 1979 Mfaransa Jean-François Lyotard akatoa kitabu kidogo juu ya hali hiyo. Maneno yake kwa ufupi ni haya: watu wa siku hizi hawaziamini tena hadithi kuu, zile zinazodai kueleza safari yote ya wanadamu na mwisho wake.

Basi msanii asiye na hadithi kuu afanye nini? Wengi wakaanza kuchezea vipande. Wakachukua kidogo cha zamani, kidogo cha sasa, kidogo cha tangazo la sabuni, wakavichanganya kwa kejeli. Mfano maarufu ni wa mwaka 1981, huko New York. Sherrie Levine alichukua picha ambazo Walker Evans aliwapiga wakulima maskini wa Alabama miaka ya 1930. Akazipiga picha tena kama zilivyo, bila kubadili kitu, akazitundika kwa jina lake mwenyewe.

Usicheke upesi, msomaji. Mama yule aliuliza swali la haki: picha ni mali ya nani? Ya aliyeshika mashine, au ya aliyepigwa, au ya mwenye kuitazama? Postimodenizimu ilitufundisha kuuliza hivyo, nasi tuishukuru. Nasi tulioonyeshwa kwa miaka mingi katika picha zilizopigwa na wengine twalihitaji swali hilo kuliko wote.

Lakini dawa hiyo ina sumu yake. Watu wakabishana miaka mingi juu ya Evans na Levine, nani mwizi na nani mwenye mali. Wakulima wa Alabama waliendelea kutazama kutoka ukutani, wala hakuna aliyewauliza neno. Kila kitu kikiwa kipande cha kuchezea, hata uso wa mtu mwenye njaa huwa kipande tu.

MKASI ULE ULE, KAZI NYINGINE

Sasa turudi kwenye picha ya barazani. Ni mojawapo ya mfululizo uitwao Mémoire, yaani Kumbukumbu, uliotengenezwa mwaka 2006 na Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978. Mwaka 2007 alipata tuzo mbili katika maonyesho makubwa ya picha huko Bamako, Mali, na mwaka 2010 picha zake zilionyeshwa New York.

Mnajua hali ilivyokuwa alipofanya kazi hiyo. Serikali ilikuwa imezichukua mali za Union Minière mwaka 1967, na Gécamines ikashika mahali pake. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto, karibu na Kolwezi, uliporomoka. Uzalishaji wa shaba ukaanguka, mishahara ikakatika. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka kazini kwa malipo ya kuagana, na wengi wakaona malipo hayo hayalingani na maisha waliyoyatoa. Ndipo Baloji akaingia katika hifadhi ya picha za kampuni, akayatoa yale yaliyokuwa yamelala kabatini, na pia akaenda kuyapiga picha magofu.

Tazameni jinsi alivyofanya. Alikuwa na kompyuta. Angeweza kuulainisha mshono mpaka jicho lisiuone. Hakufanya hivyo. Magofu ameyaacha na rangi, watu amewaacha weusi na weupe. Mshono waonekana wazi, nao ndio unaosema. Wasema kwamba nyakati hizi mbili ni mbalimbali, tena moja ilizaliwa na nyingine. Wale waliosimama msitari ndio waliokijenga kiwanda kile, na sasa wamewekwa mbele ya mwisho wake. Katika picha nyingine ni Wazungu waliosimama hivyo hivyo, na kofia zao vichwani, kana kwamba bado wanakagua kazi.

Basi kijana wetu alisema kweli nusu. Mkasi ni ule ule wa postimodenizimu: kuchukua picha ya mwingine na kuipa mahali pengine. Lakini kazi ya mkasi si moja. Wachezaji wa kule walikata ili kuonyesha kwamba hakuna picha ya kuaminiwa. Baloji amekata ili kuleta mashahidi. Hasemi kwamba kila hadithi ni uongo. Asema hadithi moja ilidanganya, na walioilipia ndio hawa.

Kwame Anthony Appiah, mwanafalsafa aliyelelewa Ghana, aliyaeleza mambo ya namna hii katika makala ya mwaka 1991. Aliuliza kama "baada" ya postimodenizimu ni ile ile "baada" ya ukoloni. Akaona kwamba waandishi wa Afrika nao wamezikataa hadithi kuu, zile za mkoloni na hata zile za taifa na viongozi wake. Lakini, asema, hawakuzikataa kwa ajili ya mchezo. Walizikataa kwa ajili ya mateso ya watu. Kwangu hilo latosha kuwa kipimo cha picha za Katanga.

UKUMBUSHO

Tena Baloji hakuwa wa kwanza. Wenye umri kama wangu watakumbuka picha za rangi zilizotundikwa zamani katika nyumba za wafanyakazi, huko Lubumbashi, Likasi na Kolwezi. Zilichorwa juu ya magunia ya unga, zikauzwa mlango kwa mlango. Nyingine zilimwonyesha Mamba Muntu, mwanamke wa majini. Nyingine ziliitwa Colonie Belge: askari amwinua kiboko, mfungwa amelala chini, Mzungu atazama. Johannes Fabian, mtaalamu aliyekaa Katanga katika miaka ya 1970, aliwauliza watu kwa nini wazinunua. Jibu alilolipata lilikuwa neno moja la Kiswahili: ukumbusho.

Mchoraji mmoja, Tshibumba Kanda-Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947, alimwambia Fabian kwamba yeye si mchoraji tu bali ni mwandishi wa historia. Mwaka 1973 na 1974 alimchorea picha zaidi ya 100, historia yote ya nchi, akamweleza kila picha kwa Kiswahili cha Katanga. Aliwachora wafanyakazi wa Union Minière waliopigwa risasi katika mgomo wa Desemba 1941 huko Elisabethville. Alichora kifo cha Lumumba na wenzake wawili mwezi wa Januari 1961, akaweka nyuma yao misalaba mitatu, na kila Mkristo huelewa bila kuambiwa. Tangu mwanzo wa miaka ya 1980 Tshibumba mwenyewe hakuonekana tena. Picha zake ziko katika makumbusho huko Amsterdam.

Naye pia alichanganya vipande. Alichukua sura kutoka fedha, magazeti, vitabu vya shule na masimulizi ya wazee. Mtaalamu wa leo aweza kumwita mtu wa postimodenizimu kabla jina halijafika hapa. Lakini ukimwuliza kwa nini amechora, hakujibu kwa kejeli. Alisema mambo hayo yalitokea, na watu sharti wayafikiri.

BAADA YA "BAADA"

Huko Ulaya nako watu wamechoka na mchezo. Mwaka 2009 Mfaransa Nicolas Bourriaud alifanya maonyesho huko London, akayaita Altermodern, akatangaza kwamba postimodenizimu imekwisha. Mwaka 2010 Waholanzi wawili, Timotheus Vermeulen na Robin van den Akker, wakaleta neno metamodenizimu. Wasema wasanii wapya huenda na kurudi kama timazi ya saa, kati ya shaka na tumaini. Wajua kwamba hadithi kuu zilidanganya, lakini wataka tena kusema jambo kwa moyo.

Nikisoma hayo natabasamu kidogo. Wamesafiri mbali, wakafika katika nyumba tuliyokuwa tukikaa. Ukumbusho ndio huo: kujua kwamba ulidanganywa, na hata hivyo kusimulia kwa bidii kwa sababu watoto wasikiliza.

Wenye kupenda kwaya watafahamu mfano huu. Mwaka 2017, katika maonyesho makubwa yaitwayo documenta, Baloji alionyesha filamu juu ya kiwanda cha Lubumbashi ambamo shaba huyeyushwa na kuvutwa kuwa waya. Pamoja na mikono ya wafanyakazi na moto, twasikia nyimbo za Wanakwaya Wadogo wa Msalaba wa Shaba, kwaya iliyoanzishwa Elisabethville mwaka 1937 na padre Mbenedikto. Pia yamo maneno ya Valentin-Yves Mudimbe, mwana wa Likasi aliyefariki mwaka 2025, aliyeeleza jinsi utawala na misheni vilivyomlea na kumfinyanga. Filamu haiwadhihaki watoto wale wala haiwatukuzi. Yatuachia uzuri wa wimbo na uzito wa waya pamoja, nasi twapaswa kuvibeba vyote viwili. Nimeona wengine wakikasirika kwa sababu misheni yaulizwa. Mimi sioni sababu ya hasira. Imani isiyoweza kusikia kumbukumbu za watoto wake ingekuwa dhaifu mno.

MAMBO MATATU YA KULAUMU

Sifa peke yake si hukumu. Nina mambo matatu.

La kwanza, kazi hizi zakaa mbali. Zatazamwa Bamako, New York, Amsterdam. Kweli, Baloji na wenzake walianzisha chama cha Picha huko Lubumbashi, na tangu mwaka 2008 hufanya maonyesho katika mji ule kila baada ya miaka kadhaa. Ni jambo jema sana. Lakini Kisenge si Lubumbashi, wala Kasaji si New York. Sisi twaiona kazi inayotuhusu katika kioo cha simu, chenye upana wa vidole vinne. Na simu yenyewe, zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia yachimbwa katika Kongo, basi huenda betri yake imetoka chini ya nyumba za Kolwezi. Jiwe latoka kwetu, na picha yatoka kwetu. Vyote viwili vyarudi vikiwa vidogo na ghali.

La pili, magofu yana hatari ya kupendeza mno. Mtu akitazama kiwanda kilichokufa huanza kutamani wakati kilipokuwa hai. Wazee wengi wasimulia posho, maziwa ya watoto na hospitali, wala hawasemi uongo. Lakini kiboko kilikuwapo pia, na risasi za 1941. Ndiyo maana nataka Mémoire itundikwe karibu na picha za Tshibumba. Peke yake yaweza kumfanya mtazamaji alie kwa ajili ya paa la kiwanda. Baloji aliiona hatari hiyo, nadhani, kwa maana baadaye alikwenda Kolwezi akapiga picha za mashimo na mahema ya wachimbaji wa mikono, akaziweka kando ya picha za karatasi zilizochapwa Uchina, zenye maua, maporomoko ya maji na majumba marefu, ambazo watu huzitundika ukutani. Hapo hakuna pa kujificha: tamaa ya leo na udongo wa leo, uso kwa uso.

La tatu ndilo la mzee. Wale watu hawana majina. Siyo kosa la msanii. Kampuni iliandika namba zao ikaona yatosha, na picha zikawekwa kabatini hivyo hivyo. Lakini aliyewatoa kabatini amewatoa bila majina, na katika New York walisimama tena kama walivyosimama mbele ya mpiga picha wa kampuni, wakitazamwa na wageni. Mshono wa rangi wafumbua mengi. Huo mshono mwingine, ulio kati ya uso na jina, bado haujashonwa. Na kazi hiyo hawezi kuifanya msanii peke yake. Yataka wenyeji.

Nisieleweke vibaya. Mémoire ni mojawapo ya kazi bora zilizotoka katika nchi ya shaba, na kijana asomaye sanaa afanya vema kuichunguza. Lakini ajifunze kwake sababu ya kukata, asijifunze kukata tu. Siku hizi mashine hukata na kubandika kwa kufumba na kufumbua, na hata hutengeneza nyuso za watu ambao hawakuzaliwa kamwe. Anayetaka kucheza atacheza bila shida. Anayetaka kukumbusha sharti akakae na wazee.

Jioni ya pili nilipita tena pale barazani. Mzee alikuwa ametoa sanduku lake la bati, na ndani yake picha moja ya zamani, pembe zimeliwa na mchwa: watu tisa mbele ya behewa la manganizi. Yeye ni wa tatu kutoka kushoto, kijana kabisa. Mjukuu wake alikuwa ameigeuza picha juu ya goti, aandika nyuma kwa kalamu ya risasi kadiri babu alivyotaja. Walikuwa wamefika majina saba. Wawili waliobaki, mzee alikumbuka wa kwanza alitoka Sandoa na alipenda kuimba. Wa mwisho hakumkumbuka.

"Andika hivyo hivyo," akasema. "Andika kwamba alikuwapo."